Maua ya msimu nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ninayoulizwa zaidi na watu wanaolea maua uani, barazani na kwenye kibaraza cha ghorofa, hasa Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Mombasa. Ya Arusha, Lushoto na Njombe nimeyagusa pale ninapoweza. Utaona jibu moja linajirudia kwa sura tofauti: sehemu kubwa ya maua yetu husubiri mvua au ukame. Ukiyamwagilia yote sawasawa mwaka mzima, unayanyima kile yanachokisubiri, na bustani inabaki majani matupu.

Huku kwetu ni joto tu. Kweli kuna msimu wa maua?

Upo, na ukiutazama mwaka mmoja tu hutausahau. Pwani tuna masika kuanzia Machi hadi Mei, kipupwe Juni hadi Agosti, vuli Oktoba hadi Desemba, kisha kiangazi kikali cha Januari na Februari wakati upepo wa kaskazi unavuma. Karibu na ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana, kwa hiyo mimea mingi husoma maji kuliko saa za jua. Mengine huchanua udongo unapokauka, mengine yanapoonja mvua ya kwanza.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko kwenye vihamba (mashamba ya nyumbani) vya Kilimanjaro. Vitumba vya mbuni, yaani mti wa kahawa, hutokea, halafu hulala. Ukame ukipita, mvua moja nzuri ikinyesha, baada ya wiki moja hadi mbili mibuni yote inakuwa myeupe kwa pamoja, na harufu yake inakaribia kabisa ile ya asumini. Siku mbili tatu, maua yamekwisha. Mkulima hakufanya lolote siku ile. Ni ukame uliotangulia ndio uliofanya kazi.

Mijakaranda ya Nairobi na Arusha nayo huchanua kati ya Septemba na Novemba, msimu mkavu unapofikia ukingoni, mingi ikiwa imeshapukutisha majani. Ile mikrismasi yenye maua mekundu, ambayo asili yake ni Madagaska, huwaka kuanzia Novemba hadi Januari. Nyanda za juu kusini, kama Njombe na Mbeya, hupata msimu mmoja mrefu wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili, kwa hiyo usiinakili kalenda ya Dar kule.

Bogenvilia yangu ina afya, majani yamejaa, lakini haitoi ua. Nimeikosea nini?

Unaitunza kupita kiasi. Acha kuimwagilia kila siku. Bogenvilia iliyo ardhini na imeshashika mizizi inaweza kukaa wiki mbili au tatu za kiangazi bila kumwagiliwa, na hapo ndipo rangi inapotoka. Ya kwenye chungu ingojee mpaka udongo ukauke na majani yaanze kulegea kidogo, kisha umwagilie vizuri mara moja, halafu uingoje tena.

Punguza mbolea. Samadi nyingi na yurea huifanya irefushe matawi na kunenepesha majani. Hakikisha pia inapata jua kutwa. Iliyo kwenye kivuli cha mwembe utaisubiri bure.

Pogoa mara tu maua yanapopukutika, maana wimbi linalofuata huja kwenye matawi mapya. Watu wengi hupogoa mwezi wa sita au wa saba, mmea ukiwa umeshaanza kuchanua, na wanayatupa maua yao wenyewe jalalani. Na hizo sehemu zenye rangi si maua hasa. Ni majani yaliyobadilika. Ua lenyewe ni kile kijiti kidogo cheupe katikati. Ndiyo maana rangi hudumu wiki kadhaa wakati ua lenyewe limeshanyauka.

Asumini yangu inarefuka na kutambaa ukutani, ila maua ni machache mno.

Hili nitalijibu kwa urefu, kwa sababu nyumba ya pwani isiyo na asumini naiona ina upungufu.

Kwanza jua. Inahitaji jua la moja kwa moja kwa muda wa saa tano au sita kwa siku. Ikikosa, hurefuka kulitafuta na kusahau kuchanua. Ukuta unaotazama mashariki ni mahali pazuri sana: jua la asubuhi linaupiga, na mchana mkali wa kaskazi hauuchomi mmea.

Pili kupogoa, na hapa ndipo wengi wanapoogopa. Asumini hutoa maua kwenye ncha za matawi machanga. Tawi likiachwa miaka bila kukatwa, linakuwa gumu, refu, na ncha ni ile ile moja. Wimbi moja la maua likiisha, kata kila tawi karibu theluthi yake, toa yaliyokauka, tandaza samadi iliyooza vizuri kuzunguka shina, na umwagilie. Kila tawi ulilokata litatoa machipukizi mawili au matatu, na kila chipukizi lina vitumba vyake. Ukifanya hivyo mara mbili tatu kwa mwaka, mwasumini mmoja wa ukutani unatosha nyumba nzima na jirani.

Tatu, ujue wakati wake. Huchanua zaidi miezi ya joto, kuanzia vuli hadi masika, na hupunguza kasi kipupwe. Ukiona Julai imesinzia, usianze kuijaza mbolea. Iache.

Nne, kuchuma. Kitumba kilichopea huonekana alasiri: kimekuwa cheupe kabisa, kimevimba, lakini bado kimefumba. Hicho ndicho cha kuchuma. Kitafunguka chenyewe magharibi hadi usiku, na harufu yote itabaki ndani ya nyumba yako. Ukisubiri asubuhi utakuta ua limeshatoa sehemu kubwa ya harufu yake usiku na linaanza kugeuka rangi. Usiyaoshe. Yafunge kwenye jani la mgomba au kitambaa chenye unyevu mpaka wakati wa kuyatunga.

Nataka kupanda maua ya kikuba. Nianze na yapi?

Kikuba ni shada dogo la maua na majani yenye harufu. Anza na asumini na mrihani, kwa sababu hivyo viwili vinakupa matokeo ndani ya mwaka mmoja. Mrihani uukate ncha kila mara unapotaka kuchanua, ndipo uzidi kutoa matawi. Ukiuacha utoe mbegu, unazeeka.

Waridi moja la kienyeji lenye harufu, lile la rangi ya waridi yenyewe, linatosha. Usidanganywe na mawaridi makubwa ya dukani. Mengi yamechaguliwa kwa urefu wa kikonyo na uimara wa safari, na harufu yake ni hafifu.

Mlangilangi ni mti. Upande kama una uwanja, mbali na msingi wa nyumba, na uukate kilele mapema ili maua yabaki mahali mkono unapofika. Wakulima wa Komoro, ambako mafuta ya langilangi ni zao kubwa la kuuza nje, huikata na kuikunja matawi mpaka ikawa mifupi ya kuchumwa kwa kusimama. Chuma ua likiwa la njano. La kijani bado halijaiva harufu. Mkadi nao una harufu isiyo na mfano, lakini una miiba na unataka nafasi, kwa hiyo mara nyingi ni rahisi zaidi kununua kipande kwa wauza vikuba.

Kila masika linachomoza ua jekundu la duara, bila mimi kupanda. Halafu linapotea. Ni nini?

Ni mmea wa kwetu, wa Afrika, na una tunguu lake ardhini. Mvua za kwanza zikinyesha, kikonyo kinachomoza na mpira mwekundu wa maua madogo mengi, mara nyingi kabla majani hayajatoka. Majani hufuata, hufanya kazi ya kulisha tunguu, kisha yote hunyauka ukame unapokuja.

Unachotakiwa kufanya ni kidogo: usilichimbe wakati wa kiangazi ukidhani pako wazi, na usikate majani yakiwa bado ya kijani. Weka kijiti au jiwe mahali pake ili fundi wa bustani asipitishe jembe. Usimwagilie mahali hapo wakati wa ukame. Tunguu lililolala likikaa kwenye maji huoza.

Kuna pia yale maua madogo ya waridi au meupe yanayochomoza siku chache baada ya mvua kubwa, pembezoni mwa njia. Yana tabia hiyo hiyo ya kusubiri. Na kama una uzio wa mbao au seng'enge, gloriosa inayotambaa, yenye petali nyekundu na njano zilizopinda juu, nayo ni mwenyeji wa Afrika Mashariki na huamka na mvua. Mizizi yake minene ni sumu kali sana, kwa hiyo kamwe usiihifadhi karibu na viazi.

Maji yetu ni ya kisima na yana chumvi. Tutapanda nini?

Sehemu nyingi za Dar na mwambao zina tatizo hili. Dalili ni utando mweupe juu ya udongo wa chungu na ncha za majani kuungua kahawia. Asumini na waridi huteseka mapema. Bogenvilia, vinka (maua madogo yanayoota popote) na adeniamu huvumilia zaidi.

Adeniamu ninaisifia bila kificho. Ni mwenyeji wa maeneo makavu ya Kenya na Tanzania, shina lake lililovimba huhifadhi maji, na huchanua maua ya waridi katika ukame, wakati mwingine bila jani hata moja. Utomvu wake ni sumu, na jamii mbalimbali za Afrika zimeutumia kwenye mishale, kwa hiyo nawa mikono baada ya kuukata.

Kwa mimea isiyopenda chumvi, kinga maji ya mvua kutoka bati na uyatumie kwa hiyo tu. Masika yenyewe huusafisha udongo: toa vyungu nje, hakikisha matundu ya chini hayajaziba, mvua ipite ndani na kuondoka na chumvi. Ukimwagilia kwa maji ya kisima, mwagilia mengi kwa mara chache. Maji kidogo kidogo kila siku huacha chumvi juu.

Wanaokaa ufukweni wana tatizo jingine: upepo wa kusi huja na chumvi ya bahari hewani na kuunguza majani kati ya Juni na Agosti. Weka vyungu nyuma ya ukuta miezi hiyo.

Mawaridi yanakubali pwani?

Yanakubali kwa kubembelezwa. Joto na unyevu huleta madoa meusi ya ukungu kwenye majani. Yapande mbalimbali ili upepo upite, mwagilia asubuhi kwenye udongo bila kulowesha majani, okota majani yaliyoanguka uyachome au uyatupe mbali. Kata ua lililonyauka mpaka juu ya jani lenye afya. Baada ya wiki sita hadi nane utaona mengine.

Waridi hupenda usiku wa baridi. Ndiyo sababu mashamba makubwa ya Kenya yako Naivasha, mita zaidi ya 1,800 juu ya usawa wa bahari, na ndiyo sababu mawaridi ya uani Lushoto na Njombe huwa makubwa bila juhudi. Hata Oman, nchi ya jua kali, mawaridi ya kukamua marashi yako juu kwenye Jebel Akhdar, na msimu wake ni miezi ya Machi hadi Mei tu.

Yapi ni hatari kwa watoto na mifugo?

Usilisome jibu hili haraka. Oleanda, kile kichaka chenye majani marefu membamba na maua ya waridi au meupe kinachopandwa sana kando ya kuta, ni sumu kila sehemu, hata moshi wa kuni zake. Jamaa yake mwenye maua ya njano na tunda la kijani lenye pembe ana mbegu zinazoweza kuua. Maua makubwa ya tarumbeta yanayoning'inia, maarufu sehemu za baridi, ni sumu pia.

Vinka, yale maua madogo ya waridi au meupe yanayoota popote, yametoa dawa mbili muhimu za saratani, vinkristini na vinblastini, ya kwanza ikitumika sana kutibu saratani ya damu kwa watoto. Hilo lisimfanye mtu achemshe majani nyumbani. Dawa ile hutengenezwa kwa vipimo vidogo sana. Chai ya vinka inaweza kukudhuru.

Mtoto akitafuna mmea usioujua, msafishe mdomo, mpeleke hospitali mara moja, na uchukue tawi la mmea huo ili daktari alione. Usimlazimishe kutapika. Mbuzi nao usiwafunge karibu na oleanda.

Vyungu vyangu vinaleta mbu. Nifanye nini?

Ondoa visahani vya chini, au vijaze mchanga. Mbu wa homa ya dengi hutaga kwenye maji safi yaliyotulia, kiasi kidogo tu kinamtosha, na huuma mchana. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019. Kila wiki mwaga maji ya visahani, ndoo na vasi, na uvisugue kingo, maana mayai hushikamana pale na kusubiri maji yarudi. Matairi ya kupandia maua yajazwe udongo mpaka juu. Pipa la maji ya mvua lifunikwe kwa wavu wa matundu madogo.

Mama mkwe anasema asumini huita nyoka. Ni kweli?

Harufu haimwiti nyoka. Lakini mama ana sababu ya kuhofu: kichaka kilichosongamana mpaka chini, chenye majani makavu na panya au vyura, ni maficho mazuri. Inua matawi ya chini mpaka kimo cha goti, fagia chini yake, usirundike matofali karibu, na chuma maua kukiwa bado na mwanga.

Nina shughuli nyumbani mwezi wa nane. Nipande nini yachanue kwa wakati?

Zinia, merigoldi na kosmosi. Zinia huchukua takriban miezi miwili tangu mbegu hadi ua. Sia mwishoni mwa Mei, mvua zikipungua, kisha usie tena kidogo baada ya wiki mbili, ili mvua ya kuchelewa ikiharibu za kwanza uwe na akiba. Miche ikifikia jozi nne za majani, kata ncha. Itachelewa siku chache lakini itatoa maua mengi zaidi. Kipupwe ni wakati mzuri kuliko wote kwa maua haya, kwa sababu mvua haiyaozeshi na jua halijawa kali.

Kama una mshubiri, utakusaidia pia. Aina nyingi huchanua wakati huo wa ukavu, na ndege chozi watakuja bila kuitwa.

Poinsetia yangu imekaa kijani mwaka mzima. Mbona ya jirani ni nyekundu?

Tazama taa. Poinsetia, iliyotoka Mexico, ni kati ya mimea inayosoma urefu wa usiku. Inahitaji giza refu lisilokatizwa kwa wiki kadhaa, na taa ya ulinzi inayowaka juu yake usiku kucha huizuia. Ihamishe upande usio na taa. Kusini mwa ikweta usiku mrefu ni wa Juni, kwa hiyo usishangae ikiwa nyekundu katikati ya mwaka.

Ni kweli yale maua madogo ya zambarau wanayouza Ulaya kwenye vikopo yametoka Usambara?

Ni kweli. Mwaka 1892, Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, aliyapeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hannover, aliyaeleza kisayansi na kuyapa jina Saintpaulia. Tangu hapo yamezalishwa aina nyingi mno, na yamekaa kwenye madirisha ya dunia nzima, huku wengi wanaoishi chini ya milima hiyo hawajawahi kuyaona.

Porini huota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, ndani ya misitu ya Usambara na milima mingine michache ya Tanzania na Kenya. Msitu ukikatwa, kivuli kinaondoka na yenyewe yanakufa. Kwa hiyo tafadhali usiyang'oe. Nunua ya kitalu, ambayo huzalishwa kwa jani moja tu lililochomekwa kwenye udongo wenye unyevu. Yaweke kwenye dirisha lenye mwanga bila jua kali, mwagilia udongo na si majani. Lushoto na Arusha hayana shida. Dar yanahitaji chumba chenye ubaridi, na hata hivyo kiangazi huyasumbua.

Nimepanga chumba, sina ardhi. Naweza kupata maua mwaka mzima?

Unaweza, ukichagua mimea ya misimu tofauti badala ya mingi ya aina moja. Ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini inamtosha mwasumini kwa joto na masika. Adeniamu kwenye sufuria chakavu ni ya ukame. Bogenvilia hupenda kubanwa mizizi, kwa hiyo chungu si adhabu kwake. Kopo la zinia ujaze pengo la kipupwe. Changanya udongo na samadi iliyooza na makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, ili unyevu usikimbie kaskazi ikivuma. Kwa adeniamu acha makumbi, ongeza mchanga.

Naishi Ulaya. Asumini itaota huku?

Itaota kwenye chungu. Kiangazi cha huko itoe nje juani. Usiku ukianza kushuka chini ya nyuzi 10, iingize ndani, iweke dirisha linalotazama kusini, na upunguze maji sana mpaka machipuko. Hewa ya vipasha joto hukausha majani na kuleta utitiri. Weka trei ya kokoto na maji chini yake, chungu kikae juu ya kokoto. Pogoa Machi, kabla haijaamka. Vitumba vya kwanza huonekana joto likishatulia, na utavichuma alasiri kama kawaida, ingawa Juni na Julai jua la huko huzama usiku na maua yatachelewa kufunguka.